Hati Niliyoishona kwa Uzi wa Gunia

"Mama, weka dole gumba hapa," mwanangu aliniambia. "Ni fomu ya hospitali tu, ya kukutoa wodini."

Macho yangu yote mawili yalikuwa na bandeji tangu upasuaji wa jana. Akanipaka wino, akanivuta mkono.

Kidole changu cha mwisho kilitangulia kugusa karatasi, kikakuta mshono. Panya walipoitafuna hati ya nyumba yangu niliishona mwenyewe kwa uzi wa gunia, na majirani wakanicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikakunja ngumi. "Nisomee kwanza, baba."

"Mimi mgonjwa nakubali kwamba nimetibiwa vizuri..." Alisoma bila kukwama, yeye ambaye shuleni kila mstari ulimtoa jasho.

Mjukuu wangu aliwahi kuniambia kwamba Waingereza wana neno lenye maana ya kudanganya, ambalo zamani lilimaanisha kumfunga mtu kitambaa machoni. Siku hiyo niliona ni mchezo wa watoto.

"Hii ni nyumba yangu, baba. Mimi nitalala wapi?"

"Dawa zinakuchanganya, mama. Hebu legeza mkono."

Akaanza kunikunjua vidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayemenya ndizi.

Daktari alikuwa ameonya kwamba bandeji ikifunguliwa kabla ya kesho, naweza nisione tena. Lakini nilitaka anidanganye huku namtazama. Kwa mkono uliobaki nikaishika plasta shavuni, nikavuta.