Moshi wa Ngiri

Zamani wanyama walipolima mananasi, yote yaliiva mwezi mmoja, soko likafurika, na kapu zima likauzwa kwa bei ya kutupa. Miezi iliyobaki kila nyumba ililala njaa.

Ngiri alikuwa na wivu. Hakuvumilia kuona safu za jirani yake, Nungunungu, zimenyooka kuliko zake. Siku moja yenye upepo mdogo alirundika majani mabichi mpakani, akayawasha, na moshi mzito ukalala juu ya safu ya kwanza ya Nungunungu kutwa nzima.

"Sasa tuone kama yatazaa," akajisemea.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja Nungunungu alipiga ukelele, wanyama wakaja mbio. Msimu ulikuwa bado mbali, na mashamba yote yalikuwa majani matupu. Lakini katika ile safu iliyofukizwa, kila mche ulikuwa umebeba katikati yake ua jekundu kama kaa la moto. Wanyama wakainama kutazama. Hata Twiga, ambaye hakuwa na desturi ya kutazama chini, aliinama mpaka magoti yakagusa udongo.

"Nani amefanya haya?" akauliza kwa sauti ndogo.

Ngiri akaanza kurudi nyuma.

"Usikimbie, jirani," Nungunungu akamwambia. "Majivu ya moto wako niliyaona siku ileile. Ulitaka kuniua kwa njaa, kumbe moshi wako umeyaamsha maua kabla ya msimu, ukanifungulia ghala. Kesho njoo ufukize safu ya pili, mwezi ujao ya tatu, ili kila mwezi tuwe na mananasi ya kula na kuuza. Tukimaliza kwangu, tunahamia kwako."