Maji ya Kiganjani

Jasumati alimimina maji kiganjani, lakini jina likakataa kutoka. Desturi yao ilikuwa hiyo: kabla ya kuimba wimbo wa kinga wa Shani, mungu wa sayari ya Zohali, unashika maji na kumtaja unayemwombea. Ukishayamwaga sahanini, kinga inamwendea uliyemtaja.

Siku zote alitaja akiwa peke yake, mlango umefungwa. Leo Manjula, mdogo wake, alikuwa amekaa ubavuni pake, amepakata chupa ya mafuta ya ufuta ya kuwashia taa.

"Dada, sijui nikushukuru vipi," Manjula alisema. "Kila Jumamosi unamwimbia mwanangu. Jana Hetal aliniuliza palepale kitandani, 'Mama mkubwa bado ananiombea?' Nikamwambia hajaacha hata mara moja."

Kweli hakuacha. Ila kila aliposhika maji, ulimi ulikwenda kwa Kirtan, mwanawe wa kumzaa, mzima kabisa, ambaye sasa hivi alikuwa uani akicheza kriketi. Aliogopa ugonjwa uliomlaza Hetal usije ukamhamia. Jumamosi ijayo nitamtaja Hetal, alijiambia kila mara.

"Mbona kimya, dada? Taja basi, na mimi nisikie."

Uani, Kirtan alikohoa kidogo. Vumbi tu, pengine. Jasumati akafungua kinywa, na maji yakaanza kuvuja kati ya vidole vyake, tone kwa tone, sakafuni.