Neno Moja Lisikike

"Zima feni! Zima na hilo friji!"

"Mama, friji halitumii intaneti."

"Leo sitaki kitu chochote kivute chochote humu ndani."

Mtu akishavaa gauni jipya mchana wa jua kali, akaweka mguu wenye plasta juu ya kigoda na kuegemeza simu kwenye kopo la sukari, wewe bishana naye ujionee. Mwanawe wa mwisho hakubishana. Nyumba nzima ilimwita Injinia tangu siku alipofungua redio ya marehemu baba yake akashindwa kuifunga. Alizima feni, akazima na friji.

Saa kumi, kwenye mji mwingine, Fundi Saa alikuwa anafunga ndoa. Msajili alikuwa amekubali walio mbali waungane kwa simu ya video, na Mama alikuwa ameapa kwamba hapitwi. Ila kila wakijaribu, picha inakwama, na sauti yake inafika kule vipande vipande.

Injinia alijua mama yake anaumia wapi. Mwaka jana Fundi Saa, mgane mpole aliyekuwa akitengeneza saa mtaa wa pili, alileta posa. Dada Mkubwa akamtimua mchana kweupe: mama yetu haolewi uzeeni, watu watasemaje? Injinia alinyamaza. Na kunyamaza nako ni kusema. Mzee wa watu akahama mji. Sasa leo anaoa, na Mama hata kupanda basi amekatazwa, eti mguu.

"Kwani anamwoa nani?" Injinia aliuliza, kichwa kikiwa chini ya meza, akikagua soketi.

"Mwanamke mmoja. Mkaidi, nasikia."

"Basi amekwisha!" Alicheka, halafu akajionea aibu. "Mama, hutaleta fujo lakini?"

"Fujo ya nini? Nitasema neno moja tu. Lakini lisikike lote."

Injinia alichomoa waya wa umeme wa ruta, akahesabu kimoyomoyo, akachomeka tena. Hola, hakuna kilichobadilika. Akabadilisha nywila. Upande wa pili wa ukuta jirani akaguna kwa sauti, na hapo ikajulikana nani alikuwa anakula bure. Intaneti ikaongezeka kidogo tu. Akapima spidi.

"Ya kupokea inaridhisha. Ya kutuma ndiyo mbovu. Utawaona vizuri, ila wao hawatakusikia. Si inatosha?"

"Sikuvaa gauni hili nije kutazama. Tengeneza!"

Jasho likamtoka. Akaufuata waya mwembamba wa intaneti kutoka dirishani, ukutani, mpaka koridoni, na koridoni ukazama nyuma ya kabati la chuma. Kabati lilikuwa na kufuli.

"Ruta iko humu?"

"Dada yako ndiye aliyeiweka. Alisema wezi."

"Lakini Mama, chuma kinameza mawimbi yote! Hata angeifukia kaburini ingekuwa afadhali."

"Ndiyo maana tangu mwaka jana siwezi kuongea na mtu wa mbali tukaelewana," Mama alisema, akijifunga vizuri mtandio wake.

Injinia akampigia dada yake.

"Ufunguo ninao mimi," alijibu Dada Mkubwa, "na hiyo ruta iache humo humo. Unataka Mama aendelee kuchati na yule mzee mpaka atuaibishe? Nilimwambia, hakusikia. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Dada, mzee anaoa leo. Yameisha hayo."

"Basi vizuri, akae na mke wake. Usifungue."

Injinia alikata simu. Hasira zilimpanda, na nyingi zilikuwa za kujichukia mwenyewe. Mama wa watu, aliyewalea peke yake, anafungiwa hewa ndani ya kabati kama mtoto aliyeiba sukari! Akaenda jikoni, akarudi na nyundo.

"Dada yako akiuliza?"

"Mwambie ni mimi. Nimechoka kunyamaza."

"Umesema mwenyewe," Mama alimwambia. "Usije ukasahau."

Kufuli liliachia kwa pigo la pili. Tatizo, waya ulikuwa mfupi. Uliishia mlangoni pa sebule, na ruta ikiwekwa chini, mtandao unashuka, ikiinuliwa, unapanda. Basi Injinia akasimama pale mlangoni ameishika juu kwa mikono miwili kama mbeba trei ya chai. Kioo cha simu hakukiona, lakini sauti zilimfikia safi kabisa. Alisikia watu wakicheka, viti vikivutwa, na Fundi Saa akikohoa kikohozi chake kile kile.

Msajili akaomba utulivu. Akasoma maneno yake ya sheria bila haraka, kisha akasema, "Kama yupo mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, aseme sasa, au anyamaze."

Injinia alifumba macho. Ndilo hilo neno moja, Mungu wangu. Akalisubiri limwangukie yule mzee mbele za watu.

Halikuja. Alipofumbua macho, alikuta Mama hatazami simu. Anamtazama yeye, macho makavu, wala hapepesi.

"Hakuna pingamizi," ilisema sauti ya msajili. "Bwana harusi ameshakubali mbele yetu. Na wewe bi harusi, leo tunakusikia vizuri. Je, unakubali?"

"Usishushe mikono, mwanangu," Mama alisema, akaigeukia simu. "Ndiyo."