Nukta ya Kijani

"Sarafu tena, mzee?" keshia aliuliza, akamsogezea bunda lililofungwa kwa karatasi.

Mzee Kihedu alilifungua palepale kwenye benchi la benki, kama kila Jumatatu, atafute sarafu za zamani. Kila aliyoikagua huitia nukta nyekundu kwa rangi ya kucha ya marehemu mkewe, kisha huirudisha benki, asije akahangaika nayo mara ya pili.

Leo zote zilikuwa na nukta yake. Akazigeuza. Upande wa pili, kila moja ilikuwa na nukta ya kijani.

"Mwanangu, nani mwingine huchukua hizi?"

"Ni wewe tu, mzee."

Akaitazama foleni, kisha kidole gumba chake. Kilikuwa kimeshika rangi ya kijani kutoka kwenye sarafu, haijakauka; aliyezitia hakuwa mbali.