Saa Moja Nje ya Ubao

Kwa miezi saba Nyamizi alisugua kutu kwa majivu na limau, akanyoosha spoku moja moja, akakishonea kiti ngozi mpya. Baiskeli ya mbio ya marehemu baba yake ilikuwa chuma kitupu, haikujua kusema iko wapi. Vyombo vingine vyote vya usafiri vilisema, na kwa hayo ubao wa sebuleni ulionyesha kila mmoja wa nyumba alipo. Asiyeonekana ubaoni kwa saa moja alihesabiwa amefariki.

"Mama Kabula, hicho chuma kitatuletea msiba," mumewe, Masele, alimwonya.

"Baba alikuwa akifika mlimani na kurudi kwa dakika hamsini," alijibu. "Na mimi nitarudi."

Mlimani alifika. Wakati wa kurudi cheni ikakatika. Hakupoteza muda kulalamika. Aliigongomea pini kwa jiwe, akapanda tena, viganja vimejaa grisi. Alipitisha ile saa moja kwa dakika tisa.

Alikuta mikeka imetandikwa uani na sufuria kubwa la wali limeshainjikwa. Majirani walimwona akiingia, wakaendelea kulia, kwa sauti ya chini kidogo.

"Baba Kabula, nimerudi."

Masele alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akachungulia sebuleni, kwenye ubao.

"Bado hujaonekana," alisema kwa upole, akamsogezea mkeka kama anavyosogezewa mgeni aliyekuja kuhani.

Nyamizi hakuketi. Wala hakuuachia usukani.