Deki Imejaa

Deki ilipowaka, mama alimkumbatia fundi bila haya. Kampuni iliyoiunda ilishaikana mashine hiyo ya kurekodi televisheni, na fundi alikuwa ameifufua kwa vipuri vya mizoga ya deki nyingine.

Kwenye kioo cha televisheni akatokea marehemu binti wa mama, aliyemzaa kabla ya ndoa hii, akiimba na kwaya ya shule.

"Haya, umemwona," mumewe alisema kutoka kwenye kochi. "Fundi, mechi inaanza. Inarekodi?"

"Inarekodi, mzee, ila imejaa. Mpaka ufute kitu."

Mume akachukua rimoti. Kitufe cha kufutia kilikuwa kimelika katikati kwa kubonyezwa, kikabaki na kishimo cha kutosha kidole gumba.

"Mume wangu, nakuomba. Futa mechi za zamani."

"Zile ni fainali, mama. Huyu tulishamzika na matanga tukaanua."

Binti alikuwa amefumbua kinywa aanze ubeti wa pili. Kidole kikaingia kishimoni.

Fundi akakusanya bisibisi zake, macho chini.

"Chai!" mume akaita.

Mama akaja na birika linalofuka. Akasimama kati ya deki na kochi, akitazama huku na huku kama mtu anayechagua pa kumimina.