Siafu wa Fuko na Jambo la Wazi

Haya yalitokea zamani, wanyama walipokuwa wepesi wa kusema, "Hata mimi ningeweza."

Fuko alivumbua njia ya kulijaribu shimo kabla ya kulichimba. Alichora vijia vyake vyote mchangani, akaweka siafu mmoja kila njia panda. Siafu wa juu akiinua kichwa, maana yake maji yamepita, na wa chini yake humfuata; akiinamisha, maana yake yamezuiwa. Kwa kuwatazama tu, Fuko alijua mvua ikinyesha maji yatatuama wapi.

Akaenda kwa Nungunungu, mkaguzi wa uvumbuzi, kuomba hataza, ili asiigwe na yeyote bila ruhusa yake.

Nungunungu alitazama mchoro, akapiga mwayo. "Mchanga tunaujua. Siafu tunawajua. Kuunganisha viwili hivyo ni jambo la wazi, Bi Fuko. Nimekataa."

"Umeshaona jibu, mzee, ndiyo maana swali limekuwa jepesi. Hebu niambie, umehama mara ngapi kwa mafuriko?"

"Masika haya ni mara ya tatu."

"Na mchanga mlangoni kwako upo?"

"Tele."

"Na siafu?"

"Wananing'ata kila siku!"

"Sasa jambo la wazi hivyo, mbona ulilala majini mara tatu?"

Miiba ya Nungunungu ikalala. Akagonga unyayo wake kwenye hati ya hataza, kuikubali.

Fuko akatoka kifua mbele. Hajafika mbali, akasikia anaitwa.

"Bi Fuko! Lile shimo langu jipya, unaonaje nikichora kidogo..."

"Chora, mzee," alijibu bila kugeuka. "Ila kwanza niombe ruhusa."